Tumbo la Mama Linapojaa Maji

Habari tunayotaka kuwaeleza leo ilianza na kitenge. Mama mmoja wa Kivu, mwenye umri wa miaka 58, mchuuzi wa sambaza sokoni, aliona asubuhi moja kwamba kitenge alichozoea kukizungusha mara mbili kiunoni hakimtoshi tena. Akakilegeza, akaenda zake kazini. Baada ya majuma mawili alikilegeza mara ya pili. Wenzake sokoni walimtania wakisema: "Mama, kumbe utatuletea mtoto wa uzeeni, kama Elizabeti!" Naye alicheka pamoja nao. Lakini mikono yake na uso wake vilizidi kukonda wakati tumbo likiongezeka, na hapo wenzake wakaacha utani.

Habari hii tumeipata kinywani mwa binti yake mkubwa, mwalimu wa shule ya msingi. Yeye pamoja na baba yake wametupa ruhusa kuiandika bila kutaja majina. Twaiandika kwa sababu jamaa nyingi hupatwa na jambo hilihili, na kila moja hudhani kwamba ndiyo ya kwanza kupatwa.

Neno la kwanza lililosemwa nyumbani kwao halikuwa ugonjwa; lilikuwa sumu. Wifi yake mama alikumbuka kwamba, katika matanga ya mtaani, mama alipewa kikombe cha kinywaji na jirani ambaye zamani waligombania mpaka wa shamba. Kwetu, tumbo likivimba pasipo mimba, ulimi hukimbilia sumu upesi kuliko miguu inavyokimbilia hospitali. Basi kwa muda wa majuma saba mama alinyweshwa dawa za kutapisha, akatiwa maji ya majani kwa bomba kupitia njia ya haja kubwa, akazidi kunyong'onyea. Jirani yule hakusalimiwa tena njiani. Watoto wake walitupiwa maneno mazito walipokwenda kuteka maji.

Hatimaye binti alimwendea baba yake jioni moja, akamwambia kwa upole: "Baba, mimi sibishani na shangazi. Naomba tu ruhusa yako nimpeleke mama hospitali. Ikiwa ni sumu, basi waganga wa hospitali nao waione." Baba, ambaye ni fundi seremala na mtu wa maneno machache, alinyamaza kitambo, kisha akajibu: "Nenda naye, mwanangu. Nami nitakuja nyuma yenu."

Waganga walimtazama kwa mashine ya ekografia, wakavuta kwa sindano maji kidogo ya tumboni ili kuyapima. Hayakuwa na sumu. Mama alikuwa na kansere, ambayo wengine huiita kansa au saratani, nayo ilikuwa imeanzia katika ovari, yaani vile viungo viwili vidogo vya ndani vinavyotunza mayai ya uzazi ya mwanamke. Tena ilikuwa imekwisha kutawanyika tumboni.

Maji hayo hutoka wapi?

Wale miongoni mwenu waliokwisha kuchinja mbuzi wameuona ule utando mwembamba unaong'aa, unaofunika matumbo na ukuta wa tumbo. Binadamu naye anao. Utando huo hutoa majimaji kidogo ili matumbo yateleze bila kukwaruzana, na mishipa myembamba sana huyanyonya majimaji hayo na kuyarudisha katika damu. Kutoa na kunyonya huenda sawasawa, wala mtu hasikii lolote. Kansere ya ovari humwaga mbegu zake juu ya utando huo, kama mkulima arushaye ulezi shambani. Mbegu hizo huziba mishipa inayonyonya, tena huifanya mishipa ya damu ivuje kupita kiasi. Hivyo maji yanayoingia ni mengi, na yanayotoka ni machache. Waganga wa lugha ya Kifaransa huyaita maji hayo asite.

Ugonjwa huu si wa Afrika tu, wala si wa mtu mwenye laana. Katika mwaka 2022 wanawake zaidi ya 320,000 duniani waligunduliwa kuwa na kansere ya ovari, na zaidi ya 200,000 walikufa kwayo. Wengi hugunduliwa wakiwa wamechelewa, si kwa uzembe wao, bali kwa sababu ovari zimejificha ndani sana, na dalili za mwanzo hufanana na mambo ya kila siku: tumbo kujaa gesi, kushiba upesi, kukojoa mara kwa mara, uchovu. Nani atakwenda hospitali kwa sababu ameshiba upesi? Zaidi ya theluthi moja ya wagonjwa huwa tayari wana maji tumboni siku ile ugonjwa unapotajwa kwa mara ya kwanza.

Hapa hatuna budi kutoa onyo moja. Si kila tumbo lenye maji lina kansere. Ini lililoharibika kwa pombe au kwa homa ya ini ya virusi huleta maji. Moyo uliochoka huyaleta, na kichocho vilevile. Kifua kikuu pia, ijapokuwa watu hukijua kwa kikohozi, chaweza kushika utando wa tumbo na kuujaza maji hata mganga mwenyewe akadhani ni kansere. Nacho kifua kikuu huponywa kwa dawa za miezi kadhaa. Kwa hiyo maji hayo yapasa kupimwa kabla mtu yeyote hajatoa hukumu. Mama akilia nyumbani majuma saba kwa ajili ya sumu isiyokuwapo, labda anapoteza majuma saba ya dawa.

Kutoa maji

Binti yule anasema kwamba siku aliyoiogopa kuliko zote ilikuwa siku ya kutolewa maji. Alidhani mama atakatwa. Walakini jambo lenyewe si operesheni. Mgonjwa huegemea kitandani. Mganga hutafuta kwa ekografia mahali penye maji mengi pasipo utumbo, husafisha ngozi, huchoma sindano ya ganzi, kisha hupitisha mrija mwembamba. Maji hutiririka polepole katika chupa au mfuko kwa muda wa saa kadhaa. Rangi yake kwa kawaida ni kama ya majani makavu. Pengine huwa na damu kidogo, wala hilo lisiwashtue. Siku ile zilitoka lita 4. Mama alivuta pumzi ndefu, akasema: "Leo nimeyaona magoti yangu." Jioni aliomba chakula, jambo ambalo hakulifanya tangu majuma mengi.

Baada ya siku 16 tumbo lilikuwa limejaa tena.

Hapo ndipo jamaa nyingi hukata tamaa. Shangazi alisema: "Mnaona? Hospitali imeshindwa. Hayo ni maji ya kutumwa." Ndugu, msimjibu kwa hasira mtu asemaye hivyo, maana hofu ndiyo inayosema. Mwelezeni kwamba mrija huondoa maji lakini hauondoi kinachoyaleta. Maadamu mbegu za kansere zingali juu ya utando, maji yatarudi. Kwa mmoja baada ya siku chache, kwa mwingine baada ya majuma matatu au zaidi. Kuyatoa tena si kushindwa. Ni kumpa mgonjwa tena siku za kupumua, za kula na za kulala.

Kinachoweza kuyapunguza maji yenyewe ni dawa za kansere zinazotiwa katika mshipa, kama karboplatini na paklitakseli, ikiwa zinapatikana na ikiwa nguvu za mgonjwa zaziruhusu. (Wazee wetu wanaosifu magamba ya miti watafurahi kusikia kwamba paklitakseli ilipatikana kwanza katika ganda la mti mmoja wa Marekani. Lakini ilipimwa kwa miaka mingi kabla serikali ya nchi ile haijaikubali kwa kansere ya ovari mwaka 1992. Haikuchemshwa tu katika sufuria na kunyweshwa.) Dawa za kukojoza, ambazo husaidia sana katika maji ya ugonjwa wa ini, kwa wengi wenye maji ya kansere ya ovari hufanya kazi kidogo tu. Basi msiende kuzinunua dukani kwa shauri la jirani. Zaweza kumkausha mgonjwa na kudhoofisha mafigo yake huku tumbo likibaki vilevile. Tena mtu yeyote asithubutu kutoboa tumbo nyumbani. Tumelazimika kuandika neno hili kwa kuwa tunajua limewahi kufanywa.

Mrija ukiisha kuondolewa, kitundu chaweza kuvuja siku moja au mbili. Wekeni kitambaa safi kilichopigwa pasi, na kukibadili kila kinapolowa. Msitie majivu wala majani. Mgonjwa atachoka, naye akisimama ghafula huenda akapata kizunguzungu. Basi akae kwanza ukingoni mwa kitanda, ndipo asimame akishikwa mkono. Lakini akipata homa, au tumbo likauma kuliko kawaida na kuwa gumu, au kitundu kikatoa usaha au damu, au mgonjwa akianza kuchanganyikiwa au kukosa mkojo, msingoje asubuhi.

Siku za nyumbani

Baba yule seremala hakujua aseme nini. Watoto wake wanasema kwamba katika majuma ya kwanza alikuwa akiingia chumbani, akisimama mlangoni, akiuliza, "Mmeamkaje?", kisha akitoka. Mama hakuweza kulala chali, kwa sababu maji yalisukuma mapafu na kumziba pumzi. Usiku alikaa kitako, kichwa kikimwangukia kifuani. Muuguzi aliyewatembelea aliwaonyesha hila ya zamani: kiti hupinduliwa kitandani, miguu juu, mgongo wake ukiwa mteremko, mito ikawekwa juu yake, na mgonjwa akaegemea. Baba alikitazama kile kiti kilichopinduliwa kwa jicho la fundi, akatikisa kichwa. Kesho yake alikwenda kiwandani kwake akarudi na kiegemeo cha mbao, chenye vituo vitatu vya kukiinua na kukishusha, na pembe zote amezipiga randa zisimkwaruze mama. Tangu siku ile hakusimama tena mlangoni. Kila jioni yeye ndiye aliyekipandisha na kukishusha, akiuliza: "Hapa? Au hapa?"

Mgonjwa akipenda kulala ubavu, wekeni kanga iliyokunjwa chini ya tumbo ili uzito usimvute, na nyingine kati ya magoti. Fungueni dirisha, upepo wa kipepeo usoni hupunguza ile hali ya kukosa hewa kuliko watu wanavyodhani. Vazi liwe pana, lisilo na mkanda. Ngozi ya tumbo iliyonyooka kama ya ngoma hukauka na kuwasha, basi paka mafuta yasiyo na manukato baada ya kuoga, na kumgeuza mgonjwa mara kwa mara ili mgongo na visigino visipate vidonda. Miguu ikivimba, iinueni juu ya mto. Mguu mmoja ukivimba ghafula peke yake na kuuma, au pumzi ikakatika kwa mara moja, pelekeni habari hospitali upesi, kwa maana damu huenda imeganda ndani ya mshipa.

Sasa habari ya chakula, ambayo ndiyo huleta ugomvi kuliko yote. Tumbo la chakula limebanwa na maji kama debe lililofinywa, halina nafasi. Vijiko vitano vikiingia, mgonjwa ameshiba. Cha sita kitamtapisha. Nyinyi mnaompenda mwaona anakonda, nanyi mwamhimiza: "Kula, mama, usipokula utakufa!" Naye hula kwa ajili yenu, akatapika, akaona haya. Binti yule alikiri kwetu kwamba alifanya hivyo siku nyingi, hata mama akamwambia: "Mwanangu, sahani hii inanitisha." Kuanzia hapo alimletea kikombe kidogo cha chai badala ya bakuli, mara sita au saba kwa siku: uji wa mahindi, mtama na soya, yai lililovurugwa, sambaza waliotwangwa ndani ya mchuzi, kipande cha parachichi. Vyakula hivyo vya kujenga mwili vyafaa, kwa maana maji yanayotolewa tumboni huondoka na sehemu ya lishe ya damu. Kuhusu chumvi, msimnyime ladha ya mwisho inayomvutia kula bila mganga kuwaagiza. Na siku ambayo hataki kitu, mlowesheni midomo, msukutueni kinywa kwa maji safi, mkae naye tu.

Mama akitapika mfululizo, tumbo likimkata, naye hapati choo wala hewa haitoki chini, hiyo si kazi ya dawa ya kuharisha. Huenda kansere imefunga utumbo, na dawa ya kuharisha itamtesa. Mpelekeni kwa waganga.

Kuhusu siku ya kurudi kutoa maji, binti alipata hila yake mwenyewe. Kila Jumatatu na Alhamisi asubuhi, kabla mama hajanywa kitu, alizungusha uzi mnene wa kushonea magunia tumboni, sawasawa na kitovu, akafunga fundo mahali ulipofika. Mama mwenyewe alihesabu mafundo. Waliona kwamba fundo la nne au la tano ndilo lililomnyima usingizi, nao wakajua kumpigia muuguzi simu kabla ya fundo hilo, badala ya kungoja hadi usiku wa manane na kutafuta pikipiki mvuani. Walakini uzi si bwana. Mgonjwa akisema, "Nimebanwa," aaminiwe yeye, hata kama uzi unasema bado.

Duniani kuna hospitali ambazo huacha mrija mwororo wa kudumu chini ya ngozi, na jamaa hufundishwa kutoa maji kidogo kidogo nyumbani. Inafaa kuuliza kama upo mahali mlipo. Kwa mama huyu haukupatikana.

Dawa ya maumivu

Usiku, maumivu yalipozidi, mama aliuma kanga yake ili watoto wasimsikie. Mganga aliandika morfini ya kunywa. Kaka yake mkubwa mama akakataa: "Hiyo ni dawa ya kumaliza watu. Mkimpa hiyo, mmemwua." Jamaa wengi wanafikiri vivyo hivyo, na kwa sababu hiyo wagonjwa wengi hufa wakiuma kanga.

Ukweli ndio huu. Morfini iliyopimwa kwa kiasi cha maumivu, ikianzishwa kwa kidogo na kuongezwa polepole, haimwui mgonjwa wa kansere, wala haimgeuzi kuwa mlevi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kuitumia kwa maumivu ya kansere tangu mwaka 1986. Jirani zetu wa Uganda wametuonyesha njia: mwaka 1993 mganga Anne Merriman, mzaliwa wa Liverpool, alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala, ambako unga wa morfini huchanganywa na maji ukawa dawa ya kunywa, rahisi na isiyo ghali. Mwaka 2004 sheria ya nchi ile iliruhusu hata wauguzi waliofundishwa kazi hiyo kuandika morfini, ili mgonjwa wa kijijini asingoje daktari wa mjini. Kwetu Kongo dawa hiyo haipatikani kila mahali, nasi twalisema jambo hilo kwa uchungu. Lakini mahali inapopatikana, isikataliwe kwa uvumi. Hunywewa kwa saa zake, si kungoja maumivu yapande. Na pamoja nayo mgonjwa hupewa kitu cha kulainisha choo, kwa maana morfini hufunga tumbo. Siku mbili au tatu za kwanza atasinzia. Mjomba alipoona dada yake ameamka siku ya nne na kuuliza bei ya sambaza sokoni, hakusema neno tena.

Kumwambia ukweli

Kwa muda mrefu watu wote wa nyumba ile walijua jina la ugonjwa isipokuwa mwenye ugonjwa. Mbele yake walisema "tumbo". Walidhani wanamlinda. Siku moja, uzi ukiwa kiunoni, mama aliuliza: "Mwanangu, maji haya yataisha?" Binti alituambia kwamba alitaka kukimbia. Lakini akajibu: "Hapana, mama. Yatarudi. Tutayatoa tena, nami nitakuwa hapa." Mama akasema: "Nilijua. Nilingoja nani ataniambia." Usiku ule alitoa maagizo yake yote: deni la mchuuzi mwenzake, ada ya kitinda mimba, na kitenge gani azikwe nacho.

Si kila mgonjwa anataka kujua yote, wala si lazima kummwagia mtu habari asizoziuliza. Jibuni swali analouliza, kwa kiasi anachouliza.

Jambo jingine aliloliomba mama liliwashinda kwa siku kadhaa: alitaka kumwona yule jirani. Baba alikwenda mwenyewe, akamwambia mbele ya mlango wake: "Mama, tulikukosea. Mgonjwa anakuita." Jirani alikuja na chupa ya uji mkononi, akaketi. Shangazi, aliyekuwa chumbani, alitazama sakafu. Hakuna aliyemwomba jirani kuonja uji ule kwanza. Mama aliupokea akanywa. Tangu wakati huo zamu ya usiku wa Jumanne ilikuwa ya jirani, naye hakuikosa.

Maana zamu zilihitajika. Binti alikuwa akifundisha mchana na kukesha usiku, hata siku moja alilala mbele ya wanafunzi wake. Mtu mmoja hawezi kazi hii, hata akiwa na upendo wa namna gani. Jamaa waketi, wagawane: nani alale, nani apike, nani afue mashuka, nani atafute nauli. Mume asione haya kumwosha mkewe. Nanyi wanafunzi mnaosoma gazeti hili, msidhani kwamba hamna kazi: mjukuu wa miaka tisa ndiye aliyeshika kipepeo na kumsomea bibi yake masomo ya shule, naye bibi alimsahihisha hesabu, kwa kuwa hesabu za sokoni zilikuwa hazijamtoka.

Padri aliitwa mapema. Twalitaja hili kwa sababu baadhi ya Wakristo bado huogopa kumwita, wakidhani kwamba Mpako Mtakatifu ni hukumu ya kifo. Papa Paulo VI aliitengeneza upya kanuni ya sakramenti hii mwaka 1972, na yapasa itolewe kwa mtu mwenye ugonjwa mzito, si kwa anayekata roho tu; tena hurudiwa ugonjwa ukizidi. Mama aliupokea akiwa ameegemea mbao za mumewe, akiitikia kwa sauti.

Maji yalitolewa mara sita kwa jumla. Baada ya mara ya tano mama alichoka sana, na kila safari ya hospitali ilimgharimu nguvu za siku tatu. Mara ya sita mganga alitoa lita moja na nusu tu, kiasi cha kumpa nafasi ya kupumua, kisha akawaeleza jamaa kwamba sasa kumhamisha kutamtesa kuliko maji yenyewe. Waliongeza morfini kidogo, wakamlowesha midomo, wakaacha kupima kwa uzi. Mama mwenyewe alisema: "Wekeni uzi, nimeshajua hesabu." Alifariki katika mwezi wa tano tangu siku ile ya ekografia, alfajiri, usiku wa zamu ya jirani, mumewe akiwa ameketi upande wa pili.

Kiegemeo cha mbao hakikuvunjwa. Baba alikiosha, akakiweka juani siku mbili, akabadili misumari miwili. Tulipokwenda kumtembelea hakikuwa nyumbani. Kilikuwa kimeazimwa na mzee mmoja wa mtaa uleule, mgonjwa wa moyo asiyeweza kulala chali, naye baba huenda kila jioni kukipandisha.